Michezo ya Maji na Watoto kwa Bajeti Ndogo: Mwongozo kwa Familia za Bagamoyo

Likizo ya Juni au ya Desemba ikikaribia, maswali ni yale yale. Naulizwa sokoni, naulizwa nikienda kumchukua mtoto madrasa, naulizwa kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa: "Mama, ile safari ya kwenye slaidi za maji mliifanyaje? Ilikula shilingi ngapi? Na sisi tutaweza?"

Mtaweza. Sisi nyumbani tuko watano, baba yao ni fundi seremala, mimi nauza vitenge, na tumeshakwenda mara tatu kwenye michezo ya maji, kule kwenye slaidi za kuteleza mpaka bwawani. Mara ya kwanza tulirudi na madeni. Mara ya pili ikawa afadhali. Mara ya tatu tulirudi na chenji. Haya ninayoandika ni yale niliyoyajua kufikia ile mara ya tatu, na natamani mtu angeniambia kabla ya ile ya kwanza.

Kiingilio cha getini hakiwezi kukushtua, maana unakiuliza kwa simu na unajua. Pesa inamalizwa na vile ambavyo hukuvihesabu: chipsi za ndani, nguo ya kuogelea unayolazimika kununua pale pale, bajaji ya gizani. Karibu vyote hivyo vinazuilika ukiwa bado nyumbani.

Unachohitaji kabla hujaanza

- Daftari na kalamu. Hesabu za kichwani zitakudanganya.
- Kibubu, au laini ya simu ambayo huitumii kwa matumizi ya kila siku.
- Futi ya fundi cherehani.
- Wiki kumi hadi kumi na mbili za kujiandaa.
- Ndoo ya lita kumi yenye mfuniko. Nitaieleza mbele.
- Mtu mzima wa pili. Kama baba yao hana nafasi, omba shangazi au mjomba. Mtu mmoja na watoto watatu kwenye maji ni hatari, na hapo sitafuti njia ya kubana matumizi.

Hatua ya 1: Chagua mahali kwa kuangalia njia

Kwa mtu wa Bagamoyo, michezo ya maji iliyo karibu ni ya upande wa Kunduchi, kwa sababu unaikuta kabla hujaingia mjini Dar es Salaam. Unapanda gari la Makumbusho, unapita Zinga, Kerege, Mapinga, Bunju, Boko, Tegeta, unashuka Mtongani na kuchukua bajaji kuelekea ufukweni.

Kigamboni nako kuna mahali pa bembea na michezo ya maji, ila itakubidi ulivuke jiji zima, kisha upite Daraja la Nyerere au upande pantoni pale Magogoni. Ukiwa na mtoto wa miaka minne begani, safari hiyo inakula nusu ya siku uliyoilipia. Kama una ndugu Kigamboni wa kulala kwake, sawa. Kama huna, nakushauri Kunduchi.

Ndugu zetu wa Tanga wanaoniuliza: kwenu haiwezi kuwa safari ya kwenda na kurudi siku moja. Ila kumbuka kwamba barabara ya Msata inakuleta moja kwa moja Bagamoyo, bila kwenda hadi Chalinze. Mwenye shemeji au dada huku alale kwake usiku mmoja kabla na usiku mmoja baada. Leteni samaki au machungwa ya Muheza, hakuna atakayewadai kodi ya chumba.

Hatua ya 2: Pima watoto urefu

Watu wengi wanaruka hatua hii. Sisi tuliiruka, na ikatuumiza.

Slaidi kubwa zina mstari wa urefu. Sehemu nyingi mstari huo unaanzia sentimita 120 hivi, na zile za kasi sana unapanda zaidi. Mtoto asiyeufikia haruhusiwi, na ni sawa asiruhusiwe, kwa sababu mwili mwepesi unarushwa kwenye kona na miguu haifiki chini anapoangukia bwawani.

Safari yetu ya kwanza, mwanangu wa kati alisimama kwenye foleni ya ngazi karibu nusu saa. Jua linawaka, ngazi za chuma zinachoma nyayo, yeye anacheka tu. Alipofika juu, mwokoaji akamsimamisha kwenye fito iliyochorwa. Akapungukiwa na sentimita mbili. Ikabidi ateremke ngazi zile zile, akipishana na kila aliyekuwa nyuma yake. Alikaa chini ya mwavuli hadi jioni, hakutaka hata soda. Yule mwokoaji alifanya kazi yake vizuri. Kosa lilikuwa langu, nilimwahidi kitu ambacho sikukipima.

Fanya hivi: mtoto asimame peku, visigino vikigusa fremu ya mlango. Mwekee daftari gumu kichwani, liwe sawa na sakafu, uchore mstari kwa penseli chini ya daftari. Kisha shusha futi toka kwenye mstari hadi chini. Andika namba na tarehe hapo hapo mlangoni. Mwenye nywele za kusuka, bonyeza daftari mpaka ligonge kichwa.

Ukishajua urefu wa kila mmoja, mweleze mapema: wewe utapanda zile, na zile nyingine bado. Mtoto aliyeambiwa nyumbani halii getini. Na kama watoto wako wote wako chini ya sentimita 100, subiri mwaka mmoja au utafute mahali penye bwawa la kina kifupi kwa bei ndogo. La sivyo utalipa kwa ajili ya slaidi ambazo hakuna atakayezigusa.

Hatua ya 3: Piga simu, uliza maswali haya

Bei zinabadilika, na bei aliyokwambia jirani ni ya mwaka juzi. Piga mwenyewe, siku ya kazi asubuhi, daftari likiwa mkononi:

1. Kiingilio cha mkubwa na cha mtoto ni kiasi gani? Mtoto anahesabiwa kwa umri au kwa urefu?
2. Katikati ya wiki bei inapungua?
3. Mtu mzima asiyeingia kwenye maji analipa kamili? (Bibi yao akitaka kuja, swali hili peke yake linaweza kukuokolea pesa nyingi.)
4. Chakula na maji ya kunywa kutoka nje vinaruhusiwa?
5. Nguo gani zinakubalika majini?
6. Makabati ya kufungia mizigo yapo, na yanalipiwa?
7. Mnafungua saa ngapi, na kuna siku ya wiki mnafunga?
8. Slaidi zote zinafanya kazi, au kuna zilizo kwenye matengenezo?
9. Mvua ikinyesha inakuwaje?

Muulize jina anayekujibu na uliandike. Ukifika ukaambiwa bei nyingine, una la kusema kwa adabu.

Hatua ya 4: Chagua siku

Kwepa Idd, Krismasi, Mwaka Mpya, Pasaka na siku zote za mapumziko ya kitaifa. Sisi mara ya kwanza tulikwenda Idd pili. Foleni ilikuwa ndefu kiasi kwamba mtoto wetu mkubwa alipanda slaidi nne tu kutwa nzima. Mara ya tatu tulikwenda Jumatano ya likizo ya Juni, akapanda mpaka akachoka mwenyewe.

Juni ni mwezi mzuri kwetu: masika yameisha na joto limepungua. Desemba shule zimefungwa lakini mvua za vuli bado zinaweza kukuharibia siku, na jua likitoka linaunguza. Machi hadi Mei usipoteze nauli.

Kama baba yao hawezi kupata Jumatano, Jumamosi ni afadhali kuliko Jumapili.

Hatua ya 5: Piga hesabu, kisha igawe kwa wiki

Namba hizi ni za kuonyesha jinsi ya kuhesabu tu. Weka zako ulizopewa kwenye simu. Tuseme wakubwa wawili na watoto watatu:

- Kiingilio: wakubwa 20,000 × 2, watoto 15,000 × 3 = 85,000
- Gari kwenda na kurudi: 3,000 × watu 5 × mara 2 = 30,000
- Bajaji kwenda na kurudi: 4,000 × 2 = 8,000
- Chakula, cha nyumbani na cha huko: 30,000
- Dharura: 20,000

Jumla 173,000. Gawa kwa wiki 12, unapata kama 14,500 kila wiki. Hapo ndipo mtu anapoona kwamba jambo linawezekana. Laki na sabini inatisha, lakini elfu kumi na nne na mia tano unaweza kuikata kwenye vocha, soda na vile vitu vidogo vidogo vinavyopitishwa dirishani.

Usitegemee nauli ya mwanafunzi. Ile ni ya mtoto anayekwenda shule akiwa na sare, na siku hiyo wako wataambatana nawe wakiwa na kaptula na mabegi. Mdogo wa kupakatwa elewana na kondakta kabla hamjapanda.

Kama uko kwenye upatu, omba zamu yako iangukie mwezi wa safari. Ila pesa ya upatu ikitoka, ihamishe siku hiyo hiyo kwenye laini ya safari. Ikikaa kwenye pochi, itakwenda kwenye gesi.

Ile dharura usiiguse kwa ajili ya aiskrimu. Ni ya bajaji ya kwenda zahanati au nauli ya gari la pili. Isipotumika, inarudi kibubuni na kuanzisha safari inayofuata.

Hatua ya 6: Nguo

Jinzi haziruhusiwi majini sehemu nyingi, na kuna sababu: zipu na vifungo vya chuma vinakwaruza slaidi, na jinzi ikilowa inakuwa nzito kama gunia. Fulana za pamba nazo mara nyingi hukataliwa. Anayefika bila nguo inayokubalika huuziwa ndani kwa bei ya ndani.

Anza kutafuta kwenye mitumba miezi miwili kabla. Kaptula za nailoni na nguo za kuogelea za watoto zimejaa, na watu hawazigombanii. Kagua lastiki kwa kuivuta mara tatu: ikitoa sauti ya kukatika katika ndani, iache, maana itamwachia mtoto aibu akiwa katikati ya slaidi.

Akina mama wenzangu mnaojistiri, hili ndilo swali mnaloniuliza kwa sauti ya chini kuliko yote. Zipo nguo za kuogelea za kufunika mwili mzima pamoja na kichwa, za kitambaa kile kile cha kuogelea. Fundi mzuri wa mtaani anaweza kukushonea kitambaa cha kuvutika, suruali na kanzu fupi ya magotini, pamoja na kilemba cha kubana. Itaje wazi kwenye simu kabla hujakwenda. Usiingie na dera au kitenge: vinajaa maji, vinapanda juu na vinaweza kukunasa miguu. Mimi nina ya kushonewa, na nimeteleza nayo mara nyingi bila kuhangaika kujifunika.

Hatua ya 7: Chakula na ndoo

Kama chakula cha nje hakiruhusiwi, usikifiche. Ukikamatwa watoto wanaona, na siku inaingia doa. Fanya hivi: amka alfajiri, wape uji mzito na viazi vitamu au mihogo ya nazi kabla ya kutoka. Beba chapati na mayai ya kuchemsha, mle mkishashuka Mtongani au kwenye kivuli nje ya geti, kabla ya kukata tiketi. Mtoto aliyeshiba saa tatu na nusu hatakusumbua mpaka saa nane. Hapo nunueni chakula kimoja cha ndani, sahani mbili kubwa za kugawana. Beba pakiti nyingine ya chapati kwa ajili ya kurudi. Njaa ya baada ya maji ni kali, na ndiyo inayowafanya watu wamalize pesa zao za mwisho kwenye chipsi.

Ndoo sasa. Asubuhi ndani yake kuna chapati, mayai, chupa za maji. Kutwa inakaa na kandambili na taulo kavu. Jioni inabeba nguo mbichi za watu watano, unaifunga mfuniko, na haidondoshi hata tone kwenye gari. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo usidhani utapata rambo huko. Mara ya kwanza nilizifunga nguo mbichi kwenye kanga, na abiria aliyekaa jirani nami alishuka Bunju akiwa amelowa paja. Niliomba radhi njia nzima.

Hatua ya 8: Siku yenyewe

Ondokeni nyumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Lengo ni kuwa getini kabla hawajafungua, kwa sababu saa ya kwanza haina foleni. Anzeni na slaidi zinazopendwa sana; yale mabwawa ya kuchezea yatakuwepo kutwa.

Kabla ya mtu yeyote kugusa maji, chagueni mahali pa kukutania, kitu kisichohama: mti fulani, kibanda fulani. Mpeleke kila mtoto akakiguse kwa mkono. Andika namba yako ya simu kwenye mkono wa ndani wa kila mtoto kwa marka isiyofutika. Biro itatoka na maji.

Gawaneni macho. Mkubwa mmoja anamwangalia mdogo na kazi yake ni hiyo tu, bila simu, umbali wa kunyoosha mkono. Mwingine anakwenda na watoto wakubwa. Badilishaneni kila saa, na semeni kwa mdomo: "Sasa ni wako." Mtoto anayezama hapigi kelele wala hapungi mkono kama watu wanavyodhani. Anazama kimya kimya, mdomo ukiwa usawa wa maji, na dakika chache zinatosha. Waokoaji wapo, lakini wao wanaangalia mamia na wewe unaangalia mmoja. Maboya ya kuvaa mikononi yasikupe usingizi; yanachomoka.

Kati ya saa sita na saa tisa wapumzisheni kivulini. Huo ndio wakati wa chakula na wa kulala kidogo. Waliokwenda bila kupumzika ndio utawaona jioni mabega yamebabuka. Wapake losheni ya kukinga jua puani, mabegani na nyuma ya shingo, weusi kwa weupe, na urudie baada ya kutoka majini.

Saa kumi alasiri anzeni kujikusanya. Hili silegezi. Magari ya Bagamoyo yanaanzia Makumbusho, na jioni yanafika Mtongani yamejaa. Mtu mmoja atabanwa mlangoni, familia ya watu watano haitapata nafasi. Mkichelewa, pandeni daladala ya Tegeta au Bunju na mngojee huko, maana abiria wengi wanashuka maeneo hayo na viti vinapatikana.

Mambo yakienda kombo

*Mtoto amefika, anaogopa, amekung'ang'ania.* Usimvute. Kaa naye ukingoni, miguu ndani ya maji, mpaka aanze mwenyewe kurusha maji kwa vidole. Mwanangu mdogo alichukua saa moja na nusu. Baada ya hapo kumtoa ndiyo ikawa kazi.

*Ngurumo.* Tokeni majini papo hapo, hata kama hakuna aliyewaambia. Kaeni ndani ya jengo, mbali na miti na ngazi za chuma, mpaka ipite nusu saa toka ngurumo ya mwisho.

*Mtoto haonekani.* Mkubwa mmoja aangalie kwanza ndani ya maji, bwawa kwa bwawa, huku mkubwa wa pili akimwambia mwokoaji. Mahali pa kukutania panafuata. Maji kwanza, kwa sababu dakika za maji hazirudi.

*Amekunywa maji, anakohoa.* Kikohozi cha dakika chache kikaisha hakina neno. Kikiendelea, au akipumua kwa shida, akitapika tapika au akiwa na usingizi usio wa kawaida, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ameshafika nyumbani. Dharura ya elfu ishirini iliwekwa kwa saa kama hii.

*Macho mekundu na ngozi inawasha.* Ni dawa ya maji. Waogesheni maji baridi safi kabla ya kuondoka na muwapake mafuta ya nazi usiku. Mara nyingi asubuhi yameisha.

*Wiki ya kumi imefika, kibubu kiko nusu.* Usikope. Tuliwahi kukopa, na mwezi mzima uliofuata kila nilipokuwa nalipa rejesho nilikuwa nawakumbuka watoto kwa hasira, jambo ambalo sikulipenda. Waambie ukweli, sogeza tarehe hadi likizo inayofuata, na siku ile mliyokuwa mmeipanga wapelekeni hapa hapa. Magofu ya Kaole yako kama kilomita tano kusini mwa mji, na msikiti wake ni wa karne ya 13. Mkubwa wetu alihesabu makaburi yote akaandika kwenye daftari la shule. Rudini kwa kufuata ufukwe maji yakiwa yametoka, nunueni pweza wa kuchemsha vipande vichache na pilipili. Sisi siku hiyo tulitumia pesa ya wiki moja tu, kibubu hatukukivunja, na likizo iliyofuata tukaenda kwenye slaidi.